Jicho la Ndoana na Mzigo Tunaolitwika

Wakulima wengi wakaao kando ya Ziwa Victoria hawaishi kwa jembe peke yake. Huko Ukerewe, na katika vijiji vya ufuko wa Mara, mihogo ikiisha kupaliliwa na pamba ikiisha kuuzwa, mtu hutia mtumbwi wake majini, akatega mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, ule uitwao mgonzo, naye arudipo asubuhi hushika jembe tena. Wako wenzangu katika kazi hii ya ualimu wa kilimo wasemao kwamba ndoana si jambo letu, na kwamba karatasi hizi yafaa zihusu samadi na mbegu tu. Siwaafiki. Fedha ya kununulia mbegu, na karo ya watoto, na hata lile jembe lenyewe, mara nyingi hutoka katika kinywa cha samaki, kama ile sarafu aliyoipata Petro alipotumwa kutupa ndoana baharini. Jambo liletalo fedha nyumbani kwa mkulima ni jambo la mkulima.

Basi nasema juu ya ndoana; wala si juu ya ncha yake, ambayo kila mtu huijaribu kwenye ukucha kabla ya kununua, bali juu ya upande wa pili, ule ushikao uzi. Watu huongeza vitu vingi kwenye ndoana: waya, chubwi la kuizamisha, kiboya cha kuiinua, hata ndoana ya pili. Maoni yangu ni kwamba karibu vyote hivyo havina haki ya kukaa kwenye ndoana yenyewe. Jicho limefanywa liwe kiungo cha kitu kimoja, au viwili kwa nadra, na shina lake lisifungiwe chochote isipokuwa uzi wake. Vinginevyo vyote vikae juu kwenye uzi, kila kimoja mahali pake, tena kwa nguvu iliyopimwa, ili chombo kikikatika kikatike pale ulipotaka wewe.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosa, na kosa langu liligharimu watu wengine.

Kwa misimu miwili ya kiangazi nilifundisha kinyume cha haya ninayoyaandika leo. Niliona ya kuwa watu hupoteza machubwi yao, tena huchelewa sana kufunga na kufungua, nikapata shauri nililolidhani la busara: fundi wa vyuma aunge pete ndogo ya waya katikati ya shina la ndoana, kwa shaba iliyoyeyushwa, ili chubwi lining'inie papo hapo, na uzi ubaki mtupu bila mafundo. Pete ile ilipendeza macho. Niliionyesha mkutanoni, watu wakaisifu, nami nikaandika katika daftari langu kwamba wakulima kadha wa kadha wamepokea shauri jema. Ziwa halikusoma daftari langu.

Asubuhi moja mzee mmoja, mwenye shamba la mihogo na michungwa, alinijia nyumbani. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitika, “Marahaba,” kisha asiseme neno jingine mpaka amekwisha kufungua kitambaa na kuweka mezani ndoana saba. Sita zilikuwa zimepanuka midomo, na ya saba ilikuwa imenyooka kabisa. Akainyanyua ile ya saba, akaniuliza, “Bwana Shamba, mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma. Nisomee hii: ni ndoana au ni msumari?”

Usiku ule samaki walikuwa wamekula chambo vizuri. Kila ndoana iliyofunguka ilikuwa imeshika samaki, na kila samaki alikuwa amekwenda zake. Mzee alikuwa amewekea mgonzo ule karo ya mjukuu wake, na yule kijana akakaa nyumbani muhula mzima. Sikupata neno la kujitetea. Nililipa ndoana saba, lakini muhula haulipiki.

Sababu ya msiba ule si ngumu kufahamu, na ingalinipasa kuifahamu mapema, kwani shuleni misioni tulifundishwa kidogo kazi ya mhunzi. Ndoana hufanywa kwa waya wa chuma cha pua. Waya ukiisha kukunjwa na kuchongwa ncha, huchomwa moto mkali, ukazamishwa katika mafuta ili uwe mgumu. Kisha hupashwa moto tena kwa kiasi, usije ukawa mgumu wa kuvunjika kama kioo. Ugumu huo wa katikati, usionyooka wala kuvunjika, ndio unaoununua dukani. Kuunga pete kwa shaba kwahitaji moto wa kukifanya chuma kuwa chekundu. Moto huo hufuta kazi yote ya kiwandani, na ndoana hurudi kuwa waya laini. Tena huunguza ile ngozi ya bati inayoikinga na kutu. Ndoana ya namna hiyo yaonekana nzima mkononi, nayo ni nzima kwa dagaa. Apitapo samaki wa kilo kumi hunyooka.

Lakini hata kama fundi angeweza kuunga pete bila moto, bado shauri langu lilikuwa baya. Chubwi likining'inia katikati ya shina, uzito wake huivuta ndoana upande, na ncha hutazama matope badala ya kutazama mdomo wa samaki. Samaki ainuapo chambo husikia uzito usio wa kawaida, akakitema. Na mshipi uvutwapo, nguvu haiendi moja kwa moja toka jichoni hadi kwenye ncha, ila hugawanyika, nusu kwa samaki na nusu kwa jiwe. Mwenye kulima kwa maksai aelewe hivi: haifai kumfungia ng'ombe mmoja mzigo ubavuni, kisha ukategemea mfereji wa plau utakuwa mnyofu.

Sasa nieleze namna za ndoana zilizopo, kwa kuwa maumbile ya ule mwisho wake ndiyo yanayoamua kitu gani chaweza kuongezwa.

Ndoana ya kwanza haina jicho. Mwisho wa shina lake umepigwa nyundo ukawa bapa, kama koleo dogo la kuchotea makaa. Ni ya asili ya zamani, kwa kuwa kupiga bapa ni rahisi kuliko kukunja pete, na bei yake mara nyingi ni ndogo. Ndoana hii si mbaya. Ukiizungushia uzi wa pamba au wa nailoni mara saba kuzunguka shina, na kukaza vema chini ya ule ubapa, hushika sana, tena huvuta sawasawa. Ubaya wake ni huu, kwamba haikubali kitu kingine chochote. Waya huteleza juu ya shina lake, na kingo za ubapa, zikiwa kali, hukata uzi pole pole bila wewe kujua. Mwenye kutaka kuvua kwa uzi mtupu na ainunue. Mwenye kutaka kuongeza waya na aiache dukani.

Ya pili ina jicho la mviringo, lililofungwa, na hiyo ndiyo ninayowashauri wakulima wainunue kwa mgonzo, hata ikiwa imezidi bei kidogo. Jicho lake hupokea uzi, au waya, au kipande kile cha chuma kizungukacho ambacho wenye maduka hukiita swiveli. Liko jicho lililonyooka sawa na shina, na liko lililoinamishwa mbele au nyuma. Kwa mgonzo lililonyooka latosha.

Ya tatu ina jicho lililoachwa wazi kidogo, ili litiwe katika pete ya chombo kingine, kisha libanwe kwa koleo. Lina faida kwa wenye kuvua kwa samaki wa bandia. Kwa mgonzo halina kazi, na hatari yake ni kwamba watu hulibana na kulifungua tena na tena. Chuma kigumu kikipindwa mara kwa mara huchoka, kikakatika siku ile ya samaki mkubwa.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini ndoana za dukani zafanana sana, kana kwamba zimezaliwa na mama mmoja. Jibu ni kwamba kwa muda mrefu zilikuwa karibu hivyo. Kiwanda cha Mustad cha huko Gjøvik, Norwei, kilichoanzishwa mwaka 1832, kilianza kutengeneza ndoana kwa mashine baada ya Mathias Topp kubuni mashine hiyo mwaka 1877, na ndoana zake zikaenea katika pande zote za dunia. Kabla ya hapo ndoana ilipita katika mikono ya watu, mmoja mmoja, kwa tupa na nyundo. Mashine ilileta bei ndogo, na bei ndogo ndiyo iliyomwezesha mkulima kutega ndoana mia badala ya tano. Ila mashine haiketi dukani kumchagulia mnunuzi, na katika pakiti moja zimo nzuri na mbaya.

Kwa hiyo, uendapo dukani, chukua mkononi uzi mwembamba wa pamba, wa kushonea. Upitishe katika jicho la ndoana, uusugue huku na huku pale pete inapokutana na shina. Pete isiyofungika sawasawa ina ufa, na ufa huo una makali. Uzi wa pamba ukinasa au ukitoka na manyoya, rudisha ndoana ile. Mwenye duka atanung'unika, mwache anung'unike. Makali yayo hayo yatakata uzi wako wa nailoni usiku, nawe utamlaumu kamongo.

Na kwa kuwa nimemtaja kamongo, nianze naye katika habari ya waya. Samaki huyu hana meno kama yetu, bali ana mabamba magumu yenye makali, yanayokutana kama mkasi, nayo hukata uzi wo wote, wa pamba au wa nailoni, na kidole vilevile ukikipeleka. Kwake yeye waya ni lazima, wala haifai kuuweka mrefu. Shubiri moja na nusu yatosha, kwa kuwa hukata karibu na mdomo. Waya huo upite katika jicho mara mbili, kisha usokotwe wenyewe kwa wenyewe mizunguko sita au zaidi, na ncha yake ikatwe karibu sana, isije ikachoma mkono wa avutaye. Usiubane sana jichoni. Ndoana iwe huru kucheza kama bawaba ya mlango. Hapa ndipo faida ya jicho inapoonekana, kwani ndoana yenye mwisho bapa haiwezi kucheza.

Sangara ni habari nyingine. Samaki huyu hakuwamo katika ziwa hili tangu asili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na furu wa namna nyingi wakapungua mno. Watu hudhani kwamba, kwa ukubwa wake, naye ahitaji waya. Sivyo. Meno yake ni madogo na mengi, kama uso wa tupa, hayakati, husugua. Uzi mnene wa nailoni humtosha, mradi uukague kila asubuhi karibu na jicho, na ukiona umekuwa mweupe na wenye manyoya, ukate hapo na kufunga upya. Waya kwa sangara ni fedha iliyotupwa, tena humtisha katika maji maangavu.

Juu ya ndoana ya pili nina maneno makali zaidi. Mwingereza mmoja wa karne ya 19, Henry Cholmondeley-Pennell, jina lake limebaki katika mtindo wa kufunga ndoana mbili katika uzi mmoja, moja nyuma ya nyingine, ili chambo kirefu kiwe na ndoana kichwani na nyingine mkiani. Kwa mtu avuaye kwa fimbo, aliyeketi na kuushika uzi mkononi, mtindo huo una akili. Nimewaona vijana wetu wakiuiga kwa njia ya mkato: huchukua ndoana yenye jicho pana, wakaipitisha juu ya ncha ya ndoana ya kwanza, hata ikaning'inia kwenye mpindo wake. Katika mgonzo, ambao hakuna mtu ameushika usiku, jambo hili lina hasara tatu au nne. Ndoana ya pili hujaza ile nafasi iliyo kati ya ncha na shina, na nafasi hiyo ndiyo inayomshika samaki. Chambo kilicho hai hufa upesi kwa kuchomwa mara mbili. Gharama huwa maradufu. Na mkono wako, unapomtoa samaki gizani, una ncha moja usiyoiona. Mimi nimeshona kidole cha mtu kwa sababu hiyo, kwa kuwa zahanati ilikuwa mbali, wala sitaki kushona kingine.

Hasa nasema hivi kwa ajili ya chambo cha watoto wa kambare. Tangu miaka ya 1990 na 2000 wakulima wa Uganda na Kenya waliochimba mabwawa wamewauzia wavuvi wa sangara watoto wa kambare wawe chambo, na kazi hiyo imewafaa wengi. Faida yake yote imo katika uhai wa yule mtoto wa kambare: ni mgumu wa kufa, hucheza ndoanani usiku kucha, na sangara humwona. Mkulima aliyemlisha bwawani kwa majuma mengi, kisha akamchoma kwa ndoana mbili, ameharibu mali yake kwa mkono wake mwenyewe. Ndoana moja, ipitishwe katika nyama ya mgongo, juu, mbali na uti, yatosha. Na anayechimba bwawa kwa kusudi hilo ajue kwamba wavuvi watarudi kwake au hawatarudi kwa kadiri chambo chake kinavyoishi, wala hawatauliza ni nani aliyekichoma vibaya.

Chubwi, nililolikosea mimi, mahali pake ni juu kwenye mshipi mkuu wa mgonzo, kati ya ndoana na ndoana, si kwenye ndoana yo yote. Lifungwe kwa uzi dhaifu kuliko nyuzi nyingine zote. Likinasa katika mwamba, uzi ule hukatika, ukapoteza jiwe tu. Na jiwe halina bei. Naona watu bado wanayeyusha risasi za betri mbovu za magari jikoni wafanye machubwi. Nawasihi waache. Risasi ni sumu, na moshi na vumbi lake huwadhuru watoto walio jikoni kuliko wote, akili zao na damu yao. Jiwe lenye kiuno, ambalo uzi hauteleziki, lafanya kazi ile ile.

Kiboya kidogo cha kuinua chambo kutoka matopeni chaweza kukaa karibu na ndoana, lakini kwenye uzi wake, shubiri moja hivi juu ya jicho. Kipande cha kandambili chakavu chatosha sana, nacho hakinywi maji kama mti. Kikiwa kikubwa mno huifanya ndoana isimame kichwa chini. Kijaribu kwanza katika karai la maji nyumbani, pamoja na ndoana yenyewe na chambo, ukaone inavyokaa. Jaribio hili la karai ningalilifanya kwa pete yangu ya shaba, nisingalifika nilikofika.

Ile swiveli ndiyo nyongeza ninayoisifu. Kambare na kamongo wakinaswa hujiviringisha, na uzi husokotwa hata ukawa mfupi na mgumu, kisha hukatika. Kipande kile huzunguka badala ya uzi. Lakini si lazima kukiweka kwenye kila ndoana, wala kwenye jicho lenyewe. Kiwekwe pale uzi mfupi wa ndoana unapofungwa kwenye mshipi mkuu. Mwenye uwezo mdogo akiweke mahali ambapo kambare huwa wengi, aache kwingine.

Nyuzi zile fupi tuziite vigwe. Kila ndoana na iwe na kigwe chake chenye kitanzi, kiweze kutolewa katika mshipi mkuu na kurudishwa bila kisu. Umbali kati ya kigwe na kigwe sharti uzidi mara mbili ya urefu wa kigwe kimoja, ama sivyo ndoana jirani zitakumbatiana. Kigwe cha nusu pima kwahitaji zaidi ya pima moja. Ukiweka pima moja na nusu hutajuta. Kwa ndoana 100 basi wahitaji mshipi wa pima 150, ambazo ni karibu mita 270. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua uzi, si baada, kwani wako waliotega ndoana 100 katika uzi wa 60, asubuhi wakavuta kamba moja nene yenye miba.

Na nguvu zipangwe hivi: mshipi mkuu uwe na nguvu kuliko vyote, kigwe kiwe dhaifu kuliko mshipi, na uzi wa chubwi uwe dhaifu kuliko kigwe. Nimekutana na watu waliofanya kigwe kuwa kinene kuliko mshipi mkuu, kwa kuogopa kumpoteza samaki mmoja, na ndoana moja iliponasa chini ya mwamba wakapoteza nusu ya mgonzo. Mwenye pengo katika boma huliweka mahali anapoweza kulilinda.

Juu ya namna ya kufunga, yule mzee wa ndoana saba ndiye aliyenifundisha, alipokwisha kunisamehe. Uzi uingie jichoni kutoka upande ule ule unaoelekea ncha, ulale juu ya shina, kisha uzungushwe mara saba kulizunguka shina pamoja na uzi wenyewe, na mwisho wake upite chini ya mizunguko hiyo na kukazwa kwa mate. Mshipi ukivutwa, ndoana hugeuka kidogo na kuielekeza ncha ndani ya nyama. Ukiingiza uzi toka upande wa nyuma, huielekeza nje. Alinionyesha kwa kutumia kidole changu mwenyewe badala ya mdomo wa samaki, bila mwiba kuingia, nami nikaona tofauti papo hapo. Baba yake alimfundisha hivyo kwa uzi wa katani.

Ikiwa mwaweza kupata ndoana za duara, ambazo ncha yake imepinda kuelekea shina, zijaribuni katika sehemu ya mgonzo. Wavuvi wa mishipi mirefu wa upande wa kaskazini wa Bahari ya Pasifiki, wavuao samaki aitwaye halibati, walizigeukia katika miaka ya 1980, kwa kuwa humshika samaki pembeni mwa mdomo bila mtu kuvuta ghafula, na samaki huwa hai mpaka asubuhi. Samaki aliye hai hufika sokoni akiwa mbichi. Lakini ndoana hizi hazivumilii kabisa kujazwa vitu. Chambo kikubwa kikiziba ile nafasi nyembamba, ni kama umetega pete tupu. Na kwazo usifunge uzi kwenye shina. Tumia kitanzi jichoni, ndoana izunguke yenyewe.

Jambo moja la ukubwa. Hesabu ya ndoana huwachanganya watu, kwa sababu namba ikizidi ndoana hupungua, mpaka namba 1. Kisha huanza namba zenye sifuri na mstari, ambazo zikizidi ndoana huzidi. Tena namba ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na ya kingine. Usimtume mtoto dukani na namba. Mtume na ndoana kuukuu ya kulinganisha. Nami nawaomba msishuke kwenye ndoana ndogo kwa sababu samaki wakubwa wamepungua. Michael Graham alipolichunguza ziwa hili mwaka 1927 na 1928 alishauri nyavu za ngege zisiwe na tundu chini ya inchi 5, ili wadogo wapite, na tabu iliyokuja baadaye ilikuja kwa kushuka chini ya hapo. Ndoana nayo ina tundu lake, ni ile nafasi kati ya ncha na shina. Sheria ya uvuvi ya Tanzania imekataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, na majike wao hukomaa wakiwa wakubwa hata kuliko hapo. Ndoana ndogo yenye vitu vingi vilivyofungwa juu yake hushika wale wale ambao mwakani wangekuwa karo.

Mwisho ni habari ya ndoana mbovu. Zile zilizovunjika jicho au kupanuka mdomo msizitupe majanini kando ya gati, wala shambani mnakoanikia mgonzo. Watoto hupita pale bila viatu, na ng'ombe huramba kila kitu chenye harufu ya samaki na chumvi ya mikono; ndoana iliyomezwa na ng'ombe haitolewi kwa dawa ya kienyeji wala ya kizungu. Zitieni katika kopo lenye kifuniko, na kopo likijaa litupwe katika shimo la choo.